TASBIHI SI HIRIZI



Katika gulio moja la wilaya ya Biharamulo, karibu na njia kuu ipitayo malori yaendayo Rusumo, nilimwona kijana ametandaza bidhaa zake juu ya turubai. Palikuwapo rozari za Wakatoliki, palikuwapo tasbihi zetu za plastiki zing'aazo gizani, na baina ya hizo palikuwapo bangili za chembe za mti, nyeusi na za kahawia, zilizotungwa katika uzi wa mpira. Baadhi ya bangili hizo zilikuwa na chembe moja kubwa iliyochongwa sura ya mtu aliyefumba macho. Kijana alikuwa akinadi kwa sauti: "Tasbihi ya mkono! Inafungua riziki! Inazuia husuda! Inamlinda mtoto!"

Akaja mama mmoja, mtandio kichwani na mtoto mgongoni. Mtoto alikuwa amelegea, macho mekundu, anahema upesi upesi. Mama akatoa noti iliyokunjwa katika pindo la kanga, akanunua bangili ile ile yenye sura, akamfunga mtoto mkononi. Nikamwuliza, "Mama, zahanati mmekwisha kwenda?" Akanijibu kwa adabu, "Bado, shehe. Hii ndiyo pesa niliyokuwa nayo ya bodaboda. Nimeona bora ninunue hii kwanza. Ni tasbihi, na wameniambia imesomewa."

Ndugu msomaji, katika maneno hayo machache mna makosa matatu. La kwanza, kitu alichouziwa si tasbihi. La pili, hata kingekuwa tasbihi, tasbihi haikuwekwa ili imlinde mtu. La tatu, hata kikisomewa usiku na mchana, hakiondoi wajibu wa kumpeleka mgonjwa panapotolewa dawa. Lakini usifanye haraka kumlaumu mama yule. Yeye alitaka mwanawe apone, na alitaka apone kwa njia ya dini yake. Wa kulaumiwa ni aliyemwuzia uwongo, na sisi tunaojua ukweli tukanyamaza. Basi leo tusinyamaze. Tuyatazame makosa hayo matatu moja baada ya jingine.

BANGILI HII NI YA NANI?

Uislamu hauturuhusu kusema uwongo, hata juu ya dini tusiyoifuata. Kwa hiyo tuanze kwa kuwapa wenye kitu haki yao. Asili ya bangili zile ni ushanga wa ibada wa Mabudha, wafuasi wa mafunzo ya Siddhartha Gautama, aitwaye Budha, aliyeishi Bara Hindi kiasi cha miaka 2,500 iliyopita. Kwa lugha ya Kihindi cha kale ushanga huo huitwa mala. Wajapani huuita juzu. Mala kamili ina chembe 108, mbali na ile moja kubwa ionyeshayo mwanzo na mwisho wa hesabu. Ile fupi ya mkononi huwa na chembe 27, ambazo zikizungushwa mara 4 hutimia 108, au chembe 18, ambazo zikizungushwa mara 6 hutimia 108 vile vile. Mtawa wa Kibudha hushika chembe moja kwa vidole, akatamka maneno ya ibada yake, kisha akavuta chembe ya pili, mpaka duara limalizike. Kazi yake ni hesabu.

Na kwa nini 108? Jibu lao lililo mashuhuri ni kwamba hiyo ndiyo idadi ya matamanio na uchafu wa nafsi umfungao mwanadamu: uroho, hasira, ujinga, kiburi na mfano wa hayo. Kila chembe ni ukumbusho wa tamaa moja ambayo mtu anatakiwa aiache.

Sasa tazama, ewe msomaji, jinsi mambo yalivyopinduliwa! Mwenye ushanga huu huuvuta ili apunguze tamaa ya dunia. Kijana wetu wa gulioni anaunadi kuwa huongeza mali. Kwa Mbudha chembe ni tamaa ya kuachwa. Kwa mnunuzi wetu chembe ni tamaa ya kupatikana. Mfanya biashara huyu amewadhulumu watu wawili kwa pigo moja: amemdhulumu Mbudha kwa kukigeuza kitu chake cha ibada kuwa chambo cha pesa, na amemdhulumu Muislamu kwa kumvika ibada isiyo yake akaiita tasbihi.

Wala nisieleweke kwamba nawachochea watu wawatukane Mabudha. Dar es Salaam, huko Upanga, lipo hekalu lao lililoanzishwa na watu wa Sri Lanka tangu enzi za Mwingereza, na sijapata kusikia kwamba wao ndio watembezao bangili hizi magulioni. Tena Mwenyezi Mungu ametukataza, katika Sura ya 6, Al-An'am, aya ya 108, kuwatukana wale wanaoombwa na watu wasiokuwa Yeye, wasije wakamtukana Yeye kwa uadui na ujinga. Hatutukani. Twasema tu kwamba Muislamu hana haja ya kuivaa sanamu ya Budha mkononi, wala hana haki ya kumfunga nayo mtoto wake na kudhani kuwa ameshika Sunna.

JIRANI ZETU NA ROZARI

Waislamu wa Ngara wanaishi kati ya Wakristo wengi: Waanglikana wa Murgwanza, na Wakatoliki wa jimbo la Rulenge-Ngara. Wamezoea kumwona jirani ameshika rozari. Rozari ya kawaida ina chembe 59: chembe 53 kwa ajili ya Salamu Maria, na chembe 6 kwa ajili ya Baba Yetu. Hiyo nayo ni hesabu, ili msali asipotee katika kusali kwake. Hatukubaliani nao katika wanayoyasema juu ya chembe hizo, na wao wanajua hivyo. Lakini haki isemwe: mafundisho ya kanisa lao wenyewe yanakataza kuvaa hirizi. Mkatoliki afanyaye rozari kuwa talasimu anapingana na padri wake, kama vile Muislamu afanyaye tasbihi kuwa talasimu anavyopingana na Mtume wake.

Kwa hiyo ugonjwa huu hauna dini. Ni ugonjwa wa moyo wa mwanadamu, ambaye huchoka kumtegemea Mungu asiyemwona, akatafuta kitu cha kukishika, kukifunga na kukitundika.

TASBIHI ILIWEKWA KWA AJILI YA NINI?

Tuje sasa kwa tasbihi yetu. Wako Waislamu wadhanio kwamba Mtukufu Mtume Muhammad (S.A.W.) alikuwa na tasbihi ya chembe 99 kama hizi tulizo nazo. La! Mtume alihesabu kwa vidole vyake. Naye aliwausia wanawake waumini, kwa hadithi iliyosimuliwa na Bibi Yusayra (R.A.) na kupokewa na Abu Daud na Tirmidhi, wahesabu kwa ncha za vidole, kwa kuwa vidole hivyo vitaulizwa Siku ya Kiyama na vitatamkishwa. Fikiri, ndugu yangu: kidole kitasema. Chembe ya plastiki haikuahidiwa kusema.

Baadhi ya watu wa zama zile walihesabu kwa kokwa za tende na kwa vijiwe. Ushanga wa uzi ulikuja baadaye, na wanahistoria wengi wanaona kwamba desturi hiyo iliwafikia Waislamu kutoka upande wa Bara Hindi. Wanazuoni wakaizungumza. Wako walioichukia kwa sababu haikuwapo zama za Mtume. Wako wengi walioiruhusu, wakapima kwa zile kokwa na vijiwe. Na Imamu Jalaluddin Suyuti, aliyefariki mwaka 911 wa Hijra, yaani 1505, aliandika kijitabu kizima cha kuitetea. Lakini katika hitilafu yao yote hiyo, hoja ya walioitetea ilikuwa moja: kwamba ni chombo cha kumsaidia mtu kuhesabu. Hawakuijengea hoja kwamba inafungua riziki, wala kwamba mtoto akifungwa homa inashuka.

Na lile dhikri lenyewe la 33, 33 na 34, je, wajua lilivyofundishwa kwa Bibi Fatima (R.A.)? Kisa chake kimo katika Bukhari na Muslim. Mikono yake ilikuwa imeumia kwa kusaga nafaka katika jiwe. Akaenda kwa baba yake kuomba mtumishi wa kumsaidia. Hakumkuta, akauacha ujumbe kwa Bibi Aisha (R.A.). Usiku Mtume akawajia, yeye na mumewe Ali (R.A.), wamekwisha lala, akawafundisha kwamba waingiapo kitandani waseme Allahu Akbar mara 34, Subhanallah mara 33 na Alhamdulillah mara 33, na kwamba hilo ni bora kwao kuliko mtumishi.

Soma tena kisa hiki. Mwanamke amekuja na malengelenge mikononi. Mtume hakumpa bangili ya kuifunga mikono ile. Alimpa maneno ya kuyasema kwa ulimi wake na kuyahesabu kwa mikono ile ile iliyoumia. Mama wa Ngara apandaye mlima na ndoo ya maji kichwani, mama wa Biharamulo arudiye shambani jioni na mzigo wa kuni, wao ndio warithi wa Bibi Fatima. Wao ndio waliostahiki kufundishwa maneno hayo kabla ya kuuziwa shanga.

Na wala uzito wa dhikri hauko katika wingi wa chembe. Katika Sahihi Muslim imesimuliwa kwamba Mtume alimwacha Bibi Juwayriya (R.A.) asubuhi mahali pake pa kusalia, akarejea mchana akamkuta angali amekaa akidhukuru. Akamwambia kwamba yeye baada ya kumwacha amesema maneno manne mara tatu, na lau yangepimwa na yote aliyoyasema bibi huyo tangu asubuhi, yangekuwa mazito zaidi. Basi ikiwa hata hesabu yenyewe si lengo, itakuwaje kile kitu cha kuhesabia kiwe ndicho chenye baraka?

HOJA ZA WENYE KUITETEA BANGILI

Huenda msomaji mmoja akasema: "Mbona unafanya jambo dogo kuwa kubwa? Kijana amevaa bangili kwa pambo tu." Jawabu letu: ikiwa ni pambo tu, haina sanamu, na aliyeivaa hakuiamini, hilo ni suala la pambo, na linazungumzwa katika mlango wa mavazi. Lakini muuzaji hanadi pambo. Ananadi riziki na kinga. Na mpime mvaaji kwa mtihani mwepesi: mwambie aivue aitupe. Akiivua akacheka, ni pambo. Akisita, akaona hofu moyoni kwamba akiitupa patatokea jambo, basi bangili ile imekwisha ingia mahali pasipokuwa pake.

Mwingine atasema: "Mimi namwamini Mungu, bangili ni sababu tu." Maneno haya yamewapoteza wengi. Imepokewa na Imamu Ahmad na Ibn Majah kutoka kwa Imran bin Husayn (R.A.) kwamba Mtume alimwona mtu amevaa pete ya shaba mkononi. Alipomwuliza, yule mtu akajibu kuwa ni kwa ajili ya maradhi ya udhaifu. Mtume akamwamuru aivue, akamweleza kwamba haitamzidishia ila udhaifu. Tazama: mtu yule hakusema kwamba shaba ni mungu. Alisema kama wasemavyo watu wetu leo, kwamba ni kwa ajili ya ugonjwa. Naye hakukubaliwa.

Tena Imamu Ahmad amepokea kutoka kwa Uqba bin Amir (R.A.) kwamba walimjia Mtume watu 10, akapokea ahadi ya 9 na kumwacha mmoja. Walipouliza sababu wakaambiwa kuwa yule ana hirizi. Yule mtu akaingiza mkono akaikata, ndipo Mtume akapokea ahadi yake, na akabainisha kwamba avaaye hirizi amefanya shirki.

Wa tatu atasema: "Lakini imesomewa Qur'ani." Hapa yatupasa tuwe waadilifu. Kumwombea mgonjwa na kumsomea ni Sunna. Mtume mwenyewe aliwaombea kinga wajukuu wake Hasan na Husayn (R.A.) kwa maneno, kama ilivyo katika Bukhari. Na wanazuoni wamehitilafiana juu ya mtu aliyeandika aya za Qur'ani akazivaa: wako walioruhusu, wako waliokataza. Lakini bangili hii haina aya iliyoandikwa. Ina chembe za mti na sura ya Budha! Na ikiwa wataka mwanao asomewe, msomee wewe. Al-Fatiha waijua. Kul-huwallahu waijua. Weka mkono wako juu ya kichwa chake usome, kisha inuka umpeleke kwa mganga wa zahanati. Kisomo cha mama kwa mwanawe hakiuzwi gulioni.

Wa nne atasema: "Wazee wetu wa tarika walitembea na tasbihi shingoni, na watu wakaona baraka." Ni kweli kwamba dini ilifika sehemu nyingi za bara letu kwa jitihada za masheikh wa Qadiriyya, kutoka Bagamoyo mpaka Tabora na Ujiji, nao walikuwa na tasbihi zao. Lakini ni nini kilichowavuta watu? Ni dhikri iliyokuwa ndimini mwao, darasa walizofundisha, mayatima waliowalea na mizani yao isiyopunja. Tasbihi ilikuwa mikononi mwao kama jembe lilivyo mkononi mwa mkulima. Mtu hatundiki jembe ukutani akangoja mavuno.

KINGA YA KWELI NA KINGA YA UWONGO

Ndugu msomaji, wilaya zetu zimepewa mafunzo ambayo hayahitaji kitabu.

Mwisho wa Aprili 1994 watu wa Rwanda waliokimbia mauaji walivuka daraja la Rusumo wakaingia Ngara; Umoja wa Mataifa ulikadiria kuwa 250,000 walivuka kwa muda wa siku moja tu, na kambi ya Benaco ikawa kama mji mkubwa. Wengi walikuja na rozari zao, na wengine na tasbihi zao. Lakini wenzao walioachwa nyuma wakiwa maiti, wako waliokufa nazo mikononi. Na katika umati ule ule walikuwamo waliokwisha mwaga damu, ambao chembe walizozivaa hazikuwazuia. Chembe hazikuzuia panga lisimfikie asiye na kosa, wala hazikuzuia mkono wa mwenye kosa. Kilichookoa roho Benaco kilikuwa maji safi, chakula, chanjo, na watu waliofungua milango yao.

Kisha tarehe 20 Januari 2025 Rais Samia Suluhu Hassan alitangaza kwamba ugonjwa wa Marburg umeingia Biharamulo. Watu 10 walihesabiwa kuupata: 2 walithibitishwa na maabara, 8 walitambuliwa kwa dalili, na wote 10 wakafa. Inna lillahi wa inna ilayhi raji'un. Ugonjwa ule huambukiza kwa kugusa damu, matapishi na majimaji mengine ya mgonjwa au ya maiti. Ulitangazwa kuwa umekwisha tarehe 13 Machi 2025. Ulikwishaje? Kwa wauguzi waliovaa nguo za kujikinga, kwa kuwafuatilia waliokutana na wagonjwa, kwa kuwatenga, kwa kunawa mikono, na kwa kuzika kwa tahadhari. Sasa jiulize: kama mtu angegusa mgonjwa yule akiwa na bangili ya kinga mkononi, bangili ile ingekuwa nini? Ingekuwa mahali pengine pa kuchukulia uchafu wa maradhi!

Na haya ndiyo mafunzo ya dini yetu tangu zamani. Mtume alifundisha kwamba tauni ikiwa katika nchi msiingie, na ikiwa mmo ndani msitoke kwa kuikimbia. Sayyidna Umar (R.A.) alipofika njiani kuelekea Sham akasikia habari ya tauni, alirudi na watu wake. Alipoulizwa kama anaikimbia kadari ya Mwenyezi Mungu, akajibu kwamba anaikimbia kadari ya Mungu kwenda kwenye kadari ya Mungu. Na bedui aliyeuliza amwache ngamia bila kumfunga akamtegemea Mungu, aliamriwa amfunge kwanza, kisha ategemee. Hizi ndizo sababu alizoziweka Mwenyezi Mungu: kamba kwa ngamia, chandarua kwa mbu, dawa kwa homa. Bangili haimo.

Tuutoe na mfano kwa Wajapani. Katika nchi yao Mabudha ni wengi, na waendapo mazishini hushika juzu zao. Lakini walipotaka kuwasaidia Watanzania na Wanyarwanda, hawakutundika shanga juu ya mto Kagera. Walisaidia kujenga daraja jipya la Rusumo pamoja na kituo cha pamoja cha mpaka, vilivyofunguliwa rasmi Aprili 2016 na Rais John Magufuli na Rais Paul Kagame. Malori yapitayo hapo leo yanapita juu ya chuma kilichopimwa kwa hesabu. Ajabu ni kwamba mwenye juzu anavuka kwa chuma, na sisi tulionunua nakala ya juzu yake gulioni tunataka kuvuka kwa shanga!

Na wewe ndugu dereva uliyetundika tasbihi katika kioo cha gari: kama hukumbuki kuivuta hata mara moja kutoka Nyakanazi mpaka Rusumo, basi haikulindi katika mteremko. Kagua breki zako, punguza mwendo, lala unapochoka, na sema Bismillahi kwa ulimi.

LAWAMA YETU WENYEWE

Nimesema kwamba lawama isimwendee mama yule. Inaanzia kwetu.

Inamwendea mwalimu achukuaye pesa ya mjane kwa "kusomea" kitu ambacho hakukiangalia hata kina sura gani. Wahenga walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Na sisi tumekaa msikitini twangoja watu waje, hali kibaya kinatembezwa kila gulio.

Inamwendea mfanya biashara akaaye dukani na tasbihi mkononi, vidole vinavuta, macho yamo katika mfuko wa jirani. Kagera yote yajua neno butura: kumnunulia mkulima kahawa yake ingali juu ya mti, kwa bei ya kumtupa, kwa kuwa ana shida ya ada ya mtoto au ya msiba. Haijuzu katika dini yetu kuuza matunda kabla hayajabainika kukomaa kwake, wala kumnyonya mwenye dhiki. Lakini wako wafanyao butura na tasbihi imezungushwa mkononi mara tatu! Mkulima asiye Muislamu akiliona hilo atasema nini juu ya Subhanallah? Waislamu wa Ngara ni wachache, na kila mmoja ni kitabu kisomwacho na jirani zake. Ole wetu wakisoma tasbihi mkononi na dhulma katika mizani.

Na lawama inatwendea sote kwa sababu hatukuliona jambo hili mwisho wake. Imani ya kwamba bahati inakaa ndani ya kitu haisimami katika shanga. Leo ni chembe ya mti. Kesho ni mzizi. Keshokutwa ni kiungo cha mwanadamu. Mauaji ya ndugu zetu wenye ualbino, yaliyoitia nchi yetu aibu tangu mwaka 2007 na yakasikika tena katika mkoa wetu huu wa Kagera mwaka 2024, yalitoka katika imani iyo hiyo: kwamba kitu fulani, kikiwa mkononi mwako, kitakuletea utajiri. Simwiti mvaa bangili muuaji, haki ya Mungu. Nasema njia ni moja, ingawa yeye amesimama mwanzo wake tu. Anayefundisha watu kwamba riziki hufunguliwa na kitu, anaitengeneza njia hiyo.

TUFANYE NINI?

Kwanza, kila mwenye tasbihi aitumie kwa kazi yake. Ivute baada ya sala, kisha itie mfukoni. Na kama huna, usisikitike: una vidole 10 ulivyopewa bure na Mola wako.

Pili, tuwafundishe watoto wetu madrasani dhikri ya Bibi Fatima kwa vidole, pamoja na kisa chake, ili wajue kwamba ilitoka katika nyumba ya kazi na dhiki.

Tatu, masheikh wa Ngara na Biharamulo waliseme jambo hili juu ya mimbari kwa jina lake: kwamba bangili yenye sanamu haivaliwi, na kwamba tasbihi haifungwi mgonjwa. Wasiogope kumkosesha mtu biashara yake.

Nne, mgonjwa apelekwe zahanati kwanza, na dua iende naye njiani. Kagera ni mmoja wa mikoa yenye malaria nyingi. Homa ya mtoto mdogo haingoji.

Tano, jamaa wa kila msikiti waweke kisanduku kidogo cha nauli ya wagonjwa. Tukimkataza mama kununua bangili na hatumpi nauli ya bodaboda, tutakuwa tumefanya nusu ya kazi, na nusu nyepesi.

Ndugu msomaji, utapenda kujua habari ya mtoto yule. Tulichangishana watu watatu pale pale gulioni, na mmoja wa waliochanga alikuwa Mkristo. Mama akapanda bodaboda. Mtoto akapimwa damu, akakutwa na malaria, akapewa dawa mseto, na baada ya siku chache alikuwa akicheza. Alhamdulillah. Muuguzi alipotaka kumchoma kidole alimvua ile bangili kwa sababu ilimzuia njia, akaiweka mezani. Mama hakuirudia kuichukua. Nilipokutana naye tena aliniambia, "Shehe, nifundishe yale maneno ya Bibi Fatima." Tukayahesabu pamoja, yeye kwa vidole vyake na mimi kwa vyangu.

Ewe Mola wetu, tufanyie ndimi zetu ziwe na utajo Wako, mikono yetu iwe mashahidi wetu wala isiwe mashahidi juu yetu, na uwaponye wagonjwa wetu kwa sababu ulizoziweka Wewe. Amin.

Wabillahi tawfiq.